Salio lilikuwapo, malipo yakakataliwa: niliyojifunza katika kulipia seva nikiwa Tanga

Asubuhi ya tarehe 14 Juni 2023, wiki mbili kabla ya Idi Kubwa, mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo cha wavuvi hapa Tanga alinipigia simu saa mbili kasorobo. "Mwanangu, mfumo haufunguki, na watu wameshajaa mlangoni," aliniambia. Nilipofika ofisini kwake, karibu na soko la samaki la Deep Sea, nilimkuta ameshateremsha kaunta buku kutoka juu ya kabati, amepiga mistari kwa rula, na anaandika kwa mkono jina la kila mwanachama, kiasi anachotaka kutoa na salio analolikumbuka mwenyewe. Nahodha mmoja, ambaye suruali yake ilikuwa bado imelowa maji ya chumvi, alihitaji shilingi 80,000 za petroli na barafu ili chombo kirudi baharini kabla maji hayajaanza kupwa. Mama yule mhasibu alimtazama, akamhesabia fedha, kisha akamsogezea kidau cha wino. "Nakuamini, baba, lakini weka dole gumba hapa."

Mfumo ule wa kompyuta, wenye majina na salio za wanachama, niliutengeneza mimi, na seva inayouhifadhi nilikuwa nikiilipia kila mwezi kwa kadi yangu ya benki, kwa kampuni ya nje inayokodisha seva za wingu, yaani kompyuta zake zilizo mbali ambazo hutumiwa kupitia intaneti. Ilizimwa kwa sababu ankara ya tarehe 1 haikulipwa. Jambo lililonitatiza ni kwamba akaunti yangu ilikuwa na zaidi ya shilingi 900,000 tangu mwisho wa Mei, na deni lenyewe halikufika hata shilingi 140,000. Naeleza yaliyonipata kwa sababu wengi wetu tunaolipia seva, barua pepe za ofisi au hifadhi ya nakala za data kwa kadi hudhani kama nilivyodhani mimi, kwamba malipo yakikataliwa basi pesa haikutosha, na dhana hiyo hutufanya tutafute dawa mahali pasipo na ugonjwa.

Kwanza nilikwenda benki. Mhudumu aliangalia akaunti, akaniambia kwa upole kwamba kadi ni nzima, salio lipo, na tatizo liko kwa hao ninaowalipa. Nilitoka nje nikachukua shilingi 20,000 kwenye mashine ya kutolea fedha, zikatoka bila kikwazo, nami nikaamini kwamba mhudumu yule alisema kweli. Kampuni ya seva, kwa upande wake, ilikuwa imeniandikia barua pepe nne tangu tarehe 1, na zote zilisema kwamba benki yangu imekataa malipo na kwamba niwasiliane na benki. Barua hizo zilikuwa zimekwenda kwenye anwani ya ofisi niliyoifungua miaka mingi nyuma na ambayo hakuna aliyekuwa akiisoma. Kila upande ulinielekeza kwa mwenzake, na hakuna aliyekuwa anadanganya. Ilinichukua siku mbili kufahamu kwamba wote wawili walikuwa wakinieleza sehemu tu ya jambo wanayoiona.

Katika siku hizo mbili nilijaribu njia mbili ambazo najua wengi huzijaribu. Nilifungua kadi ya mtandaoni kwenye akaunti yangu ya pesa za simu, nikaiwekea shilingi 140,000, nikaingiza namba zake kwenye ukurasa wa malipo, ikakataliwa papo hapo. Baadaye nilielewa sababu. Tarakimu za mwanzo za namba ya kadi, ambazo zamani zilikuwa sita na sasa ni nane, humtambulisha mtoaji wa kadi na kuwezesha kujua kadi ni ya aina gani, kwa hiyo kampuni inayopokea malipo hujua kabla ya kuomba chochote kwamba hii ni kadi ya kulipia kabla. Baadhi ya kampuni za wingu hazizipokei kadi hizo, kwa kuwa hutoza baada ya matumizi na hazitaki kumdai mtu ambaye kadi yake inaweza kuwa tupu mwisho wa mwezi. Kadi hizo zina faida yake kwa ununuzi wa mara moja, na zipo kampuni zinazozikubali, lakini anayetaka kuzitumia kwa malipo ya kila mwezi asome kwanza masharti ya anayelipwa.

Njia ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Nilimwomba ndugu yangu aliyeko Muscat anilipie kwa kadi yake. Akaunti ya Tanzania, yenye jina langu na anwani ya Tanga, ikaletewa ghafla kadi ya Oman yenye jina la mtu mwingine, tena siku chache baada ya malipo kukataliwa mara kadhaa, na mfumo wa kampuni wa kuzuia udanganyifu ukaifunga akaunti yote hadi nithibitishe mimi ni nani. Siwalaumu. Mtu aliyeiba kadi hufanya vivyo hivyo. Lakini kwa siku nzima sikuweza hata kuingia kuchukua nakala ya data, na mama wa chama aliendelea kuandika kwenye kaunta buku.

Tarehe 16 nilirudi benki, na safari hii sikuuliza kama kadi ni nzima. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi tarehe ya kila jaribio, saa yake kwa saa zetu, kiasi chake kwa dola na tarakimu nne za mwisho za kadi, nikaomba nisomewe sababu ya kukataliwa kama ilivyoandikwa kwenye mfumo wa kadi. Kijana wa dawati lile alikuwa msikivu. Alipiga simu makao makuu Dar es Salaam, kitengo cha kadi, akawekwa kwenye laini kwa dakika nyingi, kisha akaanza kunisomea namba naye akiziandika pembeni mwa karatasi yangu: tarehe 1, saa tisa na dakika chache usiku, 61. Tarehe hiyohiyo mchana, 61, tena 61, kisha 65. Kuanzia hapo, 05 kila mara.

Namba hizo ni lugha ya kawaida ya mitandao ya kadi, na ndizo nilizopaswa kuzitafuta tangu siku ya kwanza. Kampuni inapotaka kukata pesa, ombi lake hupita kwa benki inayoihudumia, likaingia kwenye mtandao wa Visa au Mastercard, likafika kwa benki iliyotoa kadi, na kompyuta ya benki hiyo hujibu kwa sekunde chache kwa namba ya tarakimu mbili. Salio lisipotosha jibu ni 51. Kadi iliyokwisha muda hujibiwa 54. Namba 57 humaanisha kadi haijaruhusiwa aina hiyo ya muamala, na hapa kwetu hilo ni jambo la kawaida, kwa sababu kadi nyingi hutolewa zikiwa zimefungwa kwa malipo ya intaneti hadi mwenyewe aombe zifunguliwe. Namba 91 ni mfumo wa benki kutopatikana wakati huo. Namba 05 ni ngumu kuliko zote, kwa kuwa maana yake ni kukataa bila kutaja sababu. Na 61, ambayo ndiyo iliyoanzisha balaa langu, ni kuvuka kikomo cha kiasi, wakati 65 ni kuvuka kikomo cha idadi ya miamala.

Kikomo hicho sikukijua. Benki ilikuwa imepunguza kiasi ambacho kadi ya aina yangu inaweza kulipa nje ya nchi kwa siku moja, kikawa shilingi 300,000. Mwaka huo dola zilikuwa adimu nchini, jambo ambalo kila mfanyabiashara wa Tanga anayeagiza bidhaa analikumbuka, kwa hiyo sikushangaa kwamba kikomo kilishushwa. Nilisikitika kwamba sikuwahi kuuliza.

Hesabu yenyewe niliifanya palepale dawatini. Seva ilikuwa dola 48 kwa mwezi, na juu yake kampuni iliongeza VAT ya asilimia 18, kwa kuwa tangu Julai 2022 sheria yetu inataka huduma za kielektroniki zinazotoka nje zitozwe kodi hiyo. Zikawa dola 56.64. Barua pepe za ofisi za wateja wangu zilikuwa dola 54, na kwa kodi zikawa 63.72. Kwa kiwango cha karibu shilingi 2,400 kwa dola, ambacho benki ilinikatia, ankara hizo mbili kwa pamoja zilikuwa shilingi 288,864, chini kidogo ya kikomo, na ndiyo sababu zilipita mwezi wa Mei. Lakini katikati ya Mei nilikuwa nimeongeza huduma ya kuhifadhi nakala ya data, dola 10 tu, ambazo kwa kodi ni 11.80. Kampuni zote tatu zilikuwa zikitoza tarehe 1, inapotimu saa sita usiku kwa saa za Greenwich, yaani saa tisa usiku kwetu. Usiku ule barua pepe zilipita, hifadhi ya nakala ikapita, na ankara ya seva iliyofika mwisho ikakuta zimebaki shilingi 118,752 ndani ya kikomo, wakati yenyewe ilihitaji 135,936. Pungufu ilikuwa shilingi 17,184. Huduma niliyoiongeza ili data za wavuvi zisipotee ndiyo iliyoizimisha seva yao, na laiti foleni ingepangika vinginevyo usiku ule, zingezimika barua pepe badala yake nami ningetafuta kosa kwingine kabisa.

Kosa langu mwenyewe lilikuja mchana wa siku hiyo. Niliona ujumbe mmoja kwenye simu kwamba malipo yamekataliwa, nikaingia na kubonyeza kitufe cha kulipa tena mara tatu mfululizo. Siku ilikuwa haijaisha, kikomo kilikuwa kilekile, kwa hiyo kila jaribio lilikuwa halina budi kukataliwa. Na majaribio mengi kwa muda mfupi kwa kiasi kilekile ndiyo dalili ambayo mifumo ya benki hufundishwa kuitilia shaka. Kadi ikawekewa zuio la malipo ya mtandaoni, bila zuio hilo kugusa mashine za kutolea fedha. Kampuni ilipojaribu tena yenyewe siku zilizofuata, kikomo kikiwa kimeshaanza upya na salio likiwapo, ilijibiwa 05. Kama ningekaa kimya hadi kesho yake, malipo yangepita. Visa nayo imeweka ukomo kwa wafanyabiashara, majaribio 15 ndani ya siku 30 kwa muamala mmoja uliokataliwa, na kwa baadhi ya sababu hairuhusu kujaribu tena hata mara moja, kwa hiyo kubonyeza ovyo hakumsaidii mtu yeyote.

Benki iliondoa zuio siku hiyohiyo na kunipandishia kikomo baada ya kuandika barua yenye kueleza matumizi. Kisha kijana yule alinipa ushauri ambao nimeupitisha kwa kila mwenzangu: usibonyeze kulipa kwa kadi iliyokwisha kuhifadhiwa, ifute na uiandikishe upya. Maana yake niliielewa aliponieleza. Malipo ya kujirudia hufanyika mwenye kadi akiwa amelala, hayawezi kuombewa namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe mfupi, hivyo benki hutegemea idhini iliyotolewa siku kadi ilipoandikishwa. Kadi yangu niliiandikisha miaka mingi nyuma, bila kuulizwa namba yoyote. Nilipoiandikisha upya, ujumbe wa benki uliingia, nikaandika tarakimu sita, na kampuni ikashikilia dola moja kwa muda ili kuhakikisha kadi iko hai. Mwenye kadi ambaye laini yake ya simu iliyosajiliwa benki iko kwa mtu mwingine, au imefungwa, hawezi kuvuka hatua hiyo, na nimewaona wawili waliokwama hapo.

Lakini kabla ya kuiandikisha ilibidi kwanza akaunti ya seva ifunguliwe, kwa kuwa ilikuwa bado imefungwa kwa sababu ya ile kadi ya Muscat. Nilituma picha ya kitambulisho cha taifa na maelezo mafupi ya ukweli, nao wakaifungua tarehe 17 alasiri. Data zote zilikuwapo. Ningechelewa zaidi, kampuni ingekuwa na haki ya kuifuta seva, kwa kuwa masharti yake yanasema hivyo. Mama wa chama na binti anayemsaidia walikaa hadi saa mbili usiku wakihamisha majina kutoka kwenye kaunta buku kuingia kwenye mfumo, mimi nikiwasomea. Tuligundua wanachama watatu waliokumbuka salio kubwa kuliko walilonalo na mmoja aliyekumbuka dogo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekusudia kudhulumu.

Tangu hapo sikuiachia kadi moja na usiku mmoja jambo la watu wengi kiasi kile. Nina kadi mbili za benki mbili tofauti, moja ya Visa na nyingine ya Mastercard, zote zimeandikishwa kwa kampuni ya seva, ya pili ikiwa ya akiba, ili mfumo wa benki moja ukizimika usiku kampuni iwe na pa kugeukia. Kadi ya kwanza iko kwenye akaunti ya pekee ambayo haina kazi nyingine, kwa hiyo safari ya dukani haiwezi kula kikomo cha seva. Benki zote mbili niliziuliza kwa maandishi vikomo vitatu: cha muamala mmoja, cha siku na cha mwezi, na kama vinahesabiwa kwa shilingi au kwa dola. Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Kikomo cha shilingi hakisogei, lakini ankara ya dola husogea kila sarafu inaposogea: ankara zangu tatu, jumla dola 132.16, zilikuwa shilingi 317,184 mwaka 2023, na dola ilipofika karibu 2,700 mwaka 2024 zikawa shilingi 356,832 bila mimi kuongeza huduma yoyote. Mwenye kikomo cha 350,000 angekwama mwezi huo akiwa hajabadilisha kitu.

Lakini kadi mbili ni kinga tu. Kilichonipa usingizi ni kulipa kabla, mchana, nikiwa macho. Baadhi ya kampuni za wingu huruhusu mteja kuweka fedha mapema kwenye akaunti yake ya huko, na ankara ya mwisho wa mwezi hukatwa kwanza kutoka kwenye fedha hizo. Kampuni yangu inaruhusu, nami sikuwahi kukiangalia kitufe hicho kwa miaka yote. Sasa kila baada ya miezi mitatu, tarehe 20, saa nne asubuhi, naweka fedha za miezi mitatu kwa malipo ninayoyathibitisha mwenyewe kwa simu. Yakikataliwa, nina siku kumi, benki ziko wazi, na ninaweza kuuliza namba ya sababu siku hiyohiyo. Kwa kampuni zisizoruhusu hivyo, niliomba tarehe ya kutozwa isogezwe ili zisikutane usiku mmoja, na moja ilikubali. Majina ya tovuti yanayoishia na .com nimeyalipia miaka kadhaa kwa mkupuo, kwa kuwa yanaruhusiwa hadi miaka 10, na yale ya .tz nayanunua kwa mawakala wa hapa nchini kwa shilingi. Hifadhi ya nakala nimeihamishia kwa kampuni ya Dar es Salaam inayopokea lipa namba. Gharama yake ni kubwa kidogo, na nailipa kwa moyo mkunjufu, kwa sababu nakala ya data isiyotegemea kadi ileile inayolipia seva ndiyo nakala inayostahili jina hilo.

Wateja nao ilibidi nikae nao. Zamani nilikuwa nikiwalipia kwanza kisha nikawadai, na chama kikichelewa, fedha iliyotoka ni ya ada za watoto wangu. Sasa bei yangu ni ya shilingi, hulipwa robo mwaka kabla, nayo ina nyongeza ya asilimia 10 kwa ajili ya mabadiliko ya dola, na nyongeza hiyo isipotumika huhesabiwa kwenye robo inayofuata mbele ya macho yao. Wapo wenzangu waliozoea kuwatajia wateja wa hapahapa bei kwa dola ili kujikinga. Tangu kanuni za Machi 2025 zipige marufuku bei za ndani kwa fedha za kigeni, njia hiyo imefungwa, na kwa maoni yangu haikuwa ya haki tangu mwanzo, kwa sababu mvuvi anayeuza changu na tasi kwa shilingi hawezi kubebeshwa hatari ambayo mimi fundi ndiye ninayeielewa.

Mama wa chama alipewa habari yote hii kwenye kikao cha Agosti 2023. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Hizo barua nne zilizokuja kabla hawajazima, zilikwenda kwa nani?" Nikamweleza. Akaniagiza niandikishe na anwani yake, na pia ya katibu, kwenye orodha ya wanaopokea taarifa za malipo, nami nikafanya hivyo hapohapo kwenye simu yake. Barua zenyewe huja kwa Kiingereza na yeye hazisomi zote. Hutafuta mstari wa kiasi kinachodaiwa. Kila tarehe 2 ya mwezi, kabla ya kufungua mlango kwa wanachama, hunitumia ujumbe wenye tarakimu hiyo peke yake. Kwa miezi mingi sasa imekuwa sifuri.